Si baridi inayopandisha bili: kwa nini stima ya kaskazini ya mbali ni ghali hivyo

Mtu akisikia kuna vijiji Alaska ambako uniti moja ya umeme inauzwa senti 60, 70, kwingine dola nzima, wakati Anchorage kwenye jimbo hilo hilo uniti ni kama robo dola hivi, jibu la haraka linalomjia ni baridi. Kule ni barafu, kila kitu lazima kiwe ghali, basi. Sawa, lakini hebu tazama Tromsø, mji wa Norway ulio karibu nyuzi 70 kaskazini, mahali ambapo jua linapotea karibu miezi miwili kila mwaka, na bado ukanda huo wa kaskazini ya Norway miaka hii ya karibuni umekuwa na umeme wa bei ya chini kuliko karibu Ulaya nzima. Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut huko Kanada, uko kusini kuliko Tromsø, hata nyuzi 64 haufiki, na umeme wake ni wa kushika kichwa.

Norway hiyo hiyo ina mji mwingine, Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard. Haujaungwa na bara. Ulikuwa unachoma makaa ya mawe ya migodi yake mwenyewe mpaka Oktoba 2023, ukahamia dizeli, na umeme wake hauna undugu wowote na ule wa Tromsø kwa bei. Nchi moja, serikali moja, baridi ile ile. Na ukitaka ushahidi wa upande wa pili kabisa panda gari uende Mandera au Wajir, huko hakuna barafu labda ya kwenye soda, lakini kituo cha umeme ni majenereta ya dizeli yanayonguruma mchana na usiku na gharama ya kuzalisha uniti moja ni mara kadhaa ya ile ya mvuke wa Olkaria.

Kwa hiyo si baridi na wala si kaskazini. Kinachofanya umeme uwe ghali ni mambo mawili yakikutana, kuwa peke yako na kuwa mdogo. Baridi inakuja baadaye kutonesha kidonda. Halafu kuna jambo la tatu ambalo halina uhusiano na jenereta kabisa, nalo ni nani kaamuliwa alipe, na hilo ndilo linalofanya bili za vijiji viwili vinavyofanana kwa kila kitu ziwe tofauti kama mbingu na ardhi.

Tuanze na huo upweke. Sisi tuliozoea gridi hatuoni kazi yake mpaka ikatike. Saa moja jioni Nairobi ikiwasha taa zote kwa pamoja, mvuke wa Naivasha unaleta, mabwawa ya Tana yanaleta, laini ya Ethiopia inaleta, mtambo mmoja ukigoma mwingine unaongezwa na wewe hapo sebuleni pengine hata hujui, ukiondoa zile siku za giza la nchi nzima ambazo wote tunazikumbuka. Kijiji cha watu 300 kando ya mto Kuskokwim hakina jirani wa kumuazima. Kina banda moja la mitambo, ndani majenereta matatu au manne ya dizeli, moja linafanya kazi, jingine linasubiri, jingine liko wazi linatengenezwa, yaani unanunua mashine tatu ili utumie moja, na huwezi kukwepa kwa sababu umeme ukizima Januari nyuzi 40 chini ya sifuri shida si kukosa TV, shida ni kwamba hata jiko la mafuta la kupasha nyumba joto linataka umeme kuzungusha pampu na feni zake, nalo likisimama mabomba ya maji yanaganda na kupasuka ndani ya saa chache. Nunavut nzima iko hivyo. Ina makazi 25, watu wote kwa jumla kama elfu 40 tu, na kila makazi yana kituo chake cha dizeli, hakuna waya hata mmoja unaounganisha makazi na mengine, na hakuna barabara inayotoka kusini kufika huko. Shirika lao la umeme, Qulliq, kimsingi linaendesha mashirika madogo 25 ambayo hayawezi kusaidiana.

Sasa hayo mafuta yanafikaje.

Magharibi ya Alaska barabara hakuna, kwa hiyo ni tishari, yaani chombo bapa cha kubebea mizigo majini. Bahari ya Bering na mito mikubwa, Yukon na Kuskokwim, inafunguka barafu kama mwezi wa Mei au Juni na kuanza kujifunga Oktoba, na katikati hapo ndiyo nafasi pekee ya kupeleka dizeli ya mwaka mzima. Meli kubwa haiwezi kusogea pwani kwa sababu maji ni machache, kwa hiyo inakaa mbali na mafuta yanahamishiwa kwenye matishari madogo, na hayo yanapanda mto kijiji kwa kijiji. Kila kuhamisha kuna gharama yake na kila gharama inaandikwa kwenye galoni. Na kuna mahali hata tishari halifiki. Noatak, kijiji kilicho juu ya mstari wa Aktiki, kilikuwa kikiletewa mafuta kwa mto mpaka mto wenyewe ukawa na kina kifupi mno miaka ya 90, tangu hapo dizeli inaingia kwa ndege. Dizeli, kwa ndege. Old Crow, kijiji cha jimbo la Yukon huko Kanada, ni hivyo hivyo, hakuna barabara, mafuta ya kuwashia jenereta yanaletwa na rubani.

Na hapa kuna kichekesho kichungu, maana Alaska ni jimbo la mafuta. Tangu 1977 bomba la karibu kilomita 1,300 linatoka Prudhoe Bay mpaka bandari ya Valdez, na kwa miaka mingi serikali ya jimbo imeishi kwa pesa hizo. Lakini jenereta halinywi mafuta ghafi. Yakishafika Valdez mengi yanapakiwa kwenda kusafishwa mbali, na dizeli iliyosafishwa ndiyo inakuja kijijini kwa tishari kwa bei ya mgeni.

Kisa cha Nome kinaeleza haya yote kuliko grafu yoyote. Novemba 2011 dhoruba kubwa ilipiga Bahari ya Bering na mzigo wa mwisho wa mafuta wa mwaka uliokuwa uende Nome, mji wa watu kama 3,500, ukashindwa kufika, na barafu ikafunga. Kuleta kwa ndege kungewezekana lakini hesabu ilitisha. Mwisho wakakodi meli ya mafuta ya Kirusi, Renda, ikapakia dizeli Korea Kusini na petroli Dutch Harbor, bandari ya Alaska (serikali ya Marekani ikabidi itoe ruhusa maalum, kwa sababu wana sheria ya tangu zamani, Jones Act, inayokataza meli ya kigeni kubeba mzigo kutoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine), halafu Healy, meli ya walinzi wa pwani ya kuvunja barafu, ikatangulia mbele inapasua njia mamia ya kilomita huku Renda inafuata nyuma na barafu inajifunga tena katikati yao, wanarudi, wanapasua upya, wanasonga kidogo. Januari 2012 wakafika, wakatandaza mabomba juu ya barafu mpaka ufukweni na kushusha galoni milioni 1.3, karibu lita milioni 5. Ilikuwa mara ya kwanza mafuta kufika kwa bahari katikati ya majira ya baridi kwenye pwani hiyo ya magharibi.

Dunia ilitazama ile kwa sababu ya sinema yake, lakini cha kujiuliza ni kwa nini mji mzima unaweza kutegemea safari moja. Jibu ni kwamba ndivyo mfumo ulivyo kila mwaka, tofauti ni kwamba miaka mingi safari inafika. Na kwa sababu inafika mara moja au mbili, kila kijiji lazima kiwe na matangi ya kutunza mafuta ya miezi 10 hadi 12. Matangi hayo yanajengwa juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima, ambayo siku hizi inayeyuka, na tangi zito juu ya ardhi inayolainika linainama, linapasuka, linavuja. Mengi ya zamani yalikuwa kwenye hali mbaya kiasi kwamba Bunge la Marekani lilipounda tume ya maendeleo ya Alaska, Denali Commission, mwaka 1998 moja ya kazi zake za mwanzo kabisa ilikuwa kujenga upya matangi ya vijiji na vituo vya umeme. Zile pesa za serikali kuu zilisaidia sana kwa sababu kama kijiji kingejenga kwa mkopo wake chenyewe, gharama ingeenda moja kwa moja kwenye bili.

Kuna kitu kingine watu hawakifikirii, nacho ni bei ya siku. Wewe ukienda petrol station unanunua bei ya leo, kesho ikishuka umefaidi. Kijiji kikinunua Julai kimeshanunua mpaka Julai ijayo. Mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine bei ya dizeli ilipanda vibaya, na matishari yalipopita majira yale ya joto vijiji vikalazimika kununua, halafu bei ya dunia ikaanza kushuka lakini wao wamekaa na mafuta ya bei ya juu ndani ya matangi majira yote ya baridi. Tena ununuzi wa mkupuo hivyo unataka pesa nyingi kwa wakati mmoja, na kijiji hakina, kwa hiyo kinakopa. Jimbo la Alaska lina mfuko maalum wa mikopo ya kununulia mafuta ya vijiji. Riba nayo, bila shaka, iko ndani ya uniti.

Tuchukue hesabu ya mafuta peke yake. Kituo kidogo cha dizeli kinachotunzwa vizuri kinatoa kama uniti 3.5 kwa lita. Dizeli ikifika kijijini kwa dola 1.50 kwa lita, basi kila uniti imeshakula senti 43 kabla hujamlipa fundi hata mmoja. Na hiyo ni ikiwa jenereta linafanya kazi kwa mzigo mzuri. Jenereta la dizeli halipendi kukaa bila kazi, ukiliendesha kwa mzigo mdogo sana linakunywa mafuta mengi kwa uniti chache na masizi yanajaa ndani, linaharibika mapema. Vijiji vina shida hiyo kwa sababu matumizi ya saa nane usiku wa Julai na ya saa kumi na mbili jioni ya Januari hayafanani hata kidogo, ndiyo maana banda linakuwa na jenereta kubwa, la kati na dogo. Halafu dizeli ya kawaida ikipata baridi kali inaganda kama mafuta ya kupikia, kwa hiyo wanatumia ile nyepesi zaidi ambayo bei yake iko juu na nguvu yake iko chini kidogo. Hapo ndipo baridi inapoingia kwa jina lake.

Kitu kimoja kizuri nikitaje, maana si kila kitu ni hasara. Vituo vingi vinachukua joto linalotoka kwenye maji ya kupoza injini na kulipeleka kwa mabomba kwenye shule au mtambo wa maji ulio karibu, na mtambo wa maji huko lazima upashwe moto la sivyo maji yanaganda ndani ya mabomba. Joto ambalo kwetu Mandera ni la kufukuzwa kwa feni, kule ni mali.

Lakini mafuta ni nusu ya hadithi tu, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Hata dizeli ingekuwa bure umeme wa kijiji ungebaki ghali. Matatu ya viti 14 ikibeba abiria watatu, dereva analipwa yule yule, bima ile ile, tairi zile zile, kwa hiyo hao watatu ama walipe nauli ya 14 ama gari lisiende. Tuseme kijiji kinatumia uniti milioni moja kwa mwaka, na kukiendesha, yaani mishahara, spea, vilainishi, bima, matangi, karatasi za serikali, uchakavu wa mitambo, ni dola laki tatu. Ukigawanya unapata senti 30 kwa kila uniti, bila tone la mafuta. Shirika la Anchorage linalouza uniti zaidi ya bilioni moja kwa mwaka likitumia dola laki tatu hizo hizo kwa jambo lolote, kwenye bili haionekani hata kwa darubini.

Na gharama hizo zenyewe haziko sawa. Fundi wa kufungua jenereta kubwa hayupo kijijini, anatoka Anchorage au Fairbanks kwa ndege, hali ya hewa ikichafuka anakwama siku tatu uwanja wa ndege na saa zake zinahesabiwa. Nguzo ikianguka hakuna lori la karibu. Winchi ya kusimamishia nguzo kubwa au mtambo wa upepo inaletwa na tishari majira ya joto na kurudi na tishari, ukichelewa nayo inakaa nawe mpaka mwaka ujao na wewe unalipa. Ndiyo maana vijiji 50 na kitu viliungana kwenye ushirika mmoja, AVEC, tangu mwishoni mwa miaka ya 60, angalau mhasibu awe mmoja, spea zinunuliwe kwa pamoja, mafuta yajadiliwe bei kwa pamoja. Nyaya haziwezi kuunganishwa, lakini ofisi zinaweza. Akili nzuri kabisa naona, na imepunguza mengi, ila haiwezi kufuta umbali.

Mbona wasivute laini basi? Swali la haki. Pale ambapo vijiji viko karibu wamevuta, kwa mfano Toksook Bay inawapelekea umeme Tununak na Nightmute, na Emmonak imeungana na Alakanuk, unafunga kituo kimoja unaacha kimoja kikubwa na hapo hapo unapata faida. Lakini kuvuta kilomita 300 kwenye tope lililoganda, bila barabara ya kupitisha nguzo, kwa ajili ya watu 400 mwisho wa waya, pesa hiyo ukiigawanya kwa uniti zitakazopita humo inazidi hiyo dizeli unayoikimbia. Kuna mpango wa miaka mingi wa kuvuta laini ya umeme pamoja na waya wa intaneti kutoka Manitoba mpaka eneo la Kivalliq la Nunavut, karibu kilomita 1,200. Umeandikwa, umechorwa, umejadiliwa, na makazi ya huko yanaendelea kuagiza dizeli.

Upepo na jua je? Kotzebue, mji ulio juu ya mstari wa Aktiki, ulianza kusimamisha mitambo ya upepo 1997 na mpaka leo unayo. Upepo huko unafaa kwa sababu unavuma zaidi majira ya baridi, wakati ule ule watu wanapohitaji umeme. Jua ni kinyume, linamwagika Juni ambapo taa hazihitajiki na kukosekana Desemba. Tatizo la zamani lilikuwa ile tabia ya jenereta ya kutotaka mzigo mdogo, upepo ukivuma sana huwezi kulizima kwa sababu ndilo linaloshikilia mfumo usiyumbe, kwa hiyo unachoma dizeli huku upepo unatupwa. Betri zimebadilisha hilo. Kisiwa cha Kodiak, nacho cha Alaska, kina bwawa la Terror Lake tangu miaka ya 80, kikaongeza mitambo sita ya upepo kati ya 2009 na 2012 na betri za kutuliza mfumo, na sasa karibu umeme wake wote ni wa maji na upepo, dizeli imebaki ya dharura. Kodiak nayo haina waya wa kwenda popote. Kwa hiyo upweke unaweza kushindwa, lakini tazama ilichokuwa nacho, mlima wenye maji, bandari isiyoganda, na watu wa kutosha pamoja na viwanda vya samaki vya kugawana mkopo. Kijiji cha watu 300 kwenye tambarare hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa tuje kwenye lile la tatu, nani analipa. Hapa ndipo bei ya kuzalisha na bei ya kwenye bili zinaachana kabisa.

Kenya tuliamua bei moja nchi nzima. Mama wa Wajir ananunua tokeni kwa bei ile ile ya mama wa Kasarani, na gharama ya ile dizeli inamwagwa kwenye bili za wote kupitia ile laini ya gharama ya mafuta ambayo watu wanailaani kila mwezi bila kujua kwamba sehemu yake ndogo inawasha taa Mandera. Mimi sioni ubaya wake, ndiyo maana ya kuwa nchi moja, ingawa ingependeza iandikwe waziwazi.

Alaska walichagua njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 80 jimbo lilikuwa na pesa nyingi za mafuta na likawajengea miji mabwawa na laini, watu wa vijijini wakauliza, na sisi je? Ndipo 1984 ukaanza mpango wa ruzuku unaoitwa PCE, ambao mwaka 2000 ukapewa mfuko wake wa kudumu. Unavyofanya kazi ni hivi. Wanachukua wastani wa bei ya Anchorage, Fairbanks na Juneau kama msingi, halafu gharama ya kijiji iliyo juu ya hapo, mpaka dari ya dola moja, jimbo linalipia asilimia 95. Lakini si kwa kila mtu na si kwa uniti zote. Ni kwa nyumba, mpaka uniti 750 kwa mwezi (zamani ilikuwa 500, ikapandishwa 2022), pamoja na majengo ya jamii kama mtambo wa maji kwa kiasi fulani. Duka halimo. Shule ya jimbo haimo. Kwa hiyo mama wa kijijini anaona bili ya umeme inayovumilika halafu anaenda dukani kununua kuku wa kuganda na ndani ya bei ya kuku huyo kuna umeme wa friza uliolipiwa bei kamili. Ruzuku imemkwepesha mlangoni ikamkuta dukani. Na mfuko wenyewe hauna amani, 2021 serikali ya jimbo ilitaka kuuchukulia kama pesa ya kawaida inayoweza kufagiliwa kuziba mapengo ya bajeti, jumuiya za wenyeji wakaenda mahakamani na kushinda.

Kuna mtego mwingine ndani ya mpango huo na huu ndio naona wengi hawauoni. Kijiji kikiweka mtambo wa upepo na kupunguza dizeli, gharama inashuka, gharama ikishuka ruzuku inashuka nayo, kwa hiyo akiba karibu yote inaenda kwenye mfuko wa jimbo na mwenye nyumba anabaki na bili karibu ile ile. Amehangaika miaka mitano kuandika maombi ya fedha, amepokea winchi, amesimamisha mitambo, na bili haijatikisika. Utamlaumu akiuliza faida iko wapi?

Kanada kila mkoa na lake. Nunavut wengi wanaishi nyumba za serikali na umeme wao unalipiwa kwa sehemu kubwa na serikali, yaani shirika la serikali linaiuzia serikali umeme, pesa inatoka mfuko mmoja inaingia mwingine na nyingi asili yake ni Ottawa. Quebec wao vijiji 14 vya wenyeji wa asili, Wainuit, vya Nunavik, eneo la kaskazini ya mkoa huo, wanalipa bei ya Montreal kwa uniti 40 za kwanza kila siku, ukizidi hapo bei inaruka mara kadhaa, makusudi, ili mtu asithubutu kupasha nyumba moto kwa umeme unaotoka kwenye dizeli. Unapasha kwa mafuta moja kwa moja, umeme ni wa taa na friji.

Na Quebec ndiyo inayouma zaidi ukiwaza. Hii ni mkoa wa umeme wa maji, umeme wake ni miongoni mwa wa bei rahisi kabisa Amerika Kaskazini, na kiini chake ni mabwawa ya mto La Grande, huko huko kaskazini, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, Wakree. Kituo cha Robert-Bourassa peke yake kina megawati 5,616. Nyaya zinatoka pale zinaelekea kusini, zinalisha Montreal na nyingine zinavuka mpaka kuuza Marekani, na kaskazini zaidi ya mabwawa hayo vijiji vya Nunavik vinawasha dizeli. Inukjuak ndicho kilichotoka kwenye mstari huo 2023 kwa bwawa dogo la megawati 7.5 ambalo wenyeji wenyewe ni wabia.

Msomaji wa Kenya hapa hahitaji kuelezwa sana. Pale Loiyangalani kaunti ya Marsabit kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310, iliyozinduliwa 2019, na laini ya kilomita 428 inayopeleka umeme wake Suswa. Inauruka mji wa Marsabit, ambao kwa miaka yote hiyo umekuwa ukiwashwa na majenereta. Si kwamba mtu kafanya roho mbaya, laini ya umeme mkubwa huwezi kuichomekea kijiji popote kama soketi, unahitaji kituo cha kushusha umeme chenye bei ya kutisha kwa wateja wachache. Ni hesabu ile ile ya abiria watatu, ila ukisimama chini ya waya huo jioni na taa yako ni ya sola ya mkononi, hesabu haiingii vizuri.

Kinachoanza kubadilika, tena polepole, ni nani anamiliki mtambo. Shungnak na Kobuk, vijiji viwili vya bara ya kaskazini-magharibi ya Alaska ambako mto ukikauka mafuta yanakuja kwa ndege, viliweka sola na betri 2021, lakini badala ya kuupa ushirika wa umeme mitambo bure, serikali za wenyeji zikabaki nayo mikononi na zinauuzia AVEC umeme kwa bei ya dizeli iliyookolewa. Ukiangalia vizuri hapo ule mtego wa ruzuku umezungukwa. Kwenye vitabu gharama ya umeme haijashuka kwa hiyo ruzuku haijakatwa, na pesa iliyokuwa ikiondoka na ndege ya mafuta inalipwa kwa kijiji chenyewe. Old Crow wamefanya karibu hivyo hivyo, Wavuntut Gwitchin, wenyeji wa asili wa hapo, wana sola ya kilowati 940 na mkataba wa miaka 25 na kampuni ya umeme, na kuna saa za majira ya joto ambapo majenereta yanazimwa kabisa. Bei ya uniti kwenye bili haijabadilika sana. Desemba dizeli inawashwa kama kawaida, na ndege inaendelea kutua.